Aliyefunga Dohani

Mwanamke aliyeketi mbele ya meza ya wakili asubuhi ile hakuwa na sura ya mtu anayedaiwa kumuua baba yake. Alikuwa na unga kwenye nyusi, aproni chini ya koti, na mkate wa moto aliouzungushia gazeti, kwa sababu kwao mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu, hata kama mwenzake huyo ni wakili anayekulipisha kwa kukutazama tu. Aliuweka mkate juu ya majalada. Wakili aliyasogeza majalada, mkate akauacha.

Mtaa mzima ulimwita Jivu. Jina hilo alipewa na baba yake alipokuwa hajajua kutembea, siku alipotambaa mpaka ndani ya tanuri lililopoa na kutoka akiwa wa kijivu kuanzia utosini hadi unyayoni, anacheka. Sasa alikuwa mama wa binti aliyeko chuoni, na bekari ya baba yake ilikuwa mikononi mwake kwa wosia. Kama wosia ungesimama.

"Haya, mwanangu," alisema Wakili. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti nzito isiyolingana na kimo chake. Akitaka kusema jambo zito huvua miwani. Akitaka kusikiliza huivaa. Aliivua. "Nikueleze sheria kama ilivyo, au nikupoze kwanza?"

"Nieleze kavukavu, Mama. Nimeacha unga unaumuka."

"Mtu hawezi kumuua mwenzake kisha akamrithi. Hata wosia uwe umeandikwa kwa wino wa dhahabu. Ikionekana ulimuua kwa kusudi, sheria inakuhesabu kwamba ulikufa kabla yake. Fungu lako linakuruka, linakwenda kwa mwanao."

"Kwa binti yangu?"

"Kwa binti yako."

Jivu alicheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. "Kwa hiyo mdogo wangu Meneja akishinda hapati hata makombo."

"Hapati. Wakili wake anajua, ndiyo maana ameniletea maneno ya pembeni. Uiachie bekari kwa hiari yako, umkabidhi ndugu yako, nao wafute shauri. Wanategemea utaogopa."

"Mtu anayepiga chafya akiona unga anataka bekari ya nini?"

Wakili alikata pande la mkate kwa kisu cha kufungulia bahasha, akalila taratibu.

"Na kama ilikuwa ajali?" aliuliza Jivu.

"Ajali haimzuii mtu kurithi. Sheria inauliza kusudi."

"Basi bekari haitoki kwetu, nishinde nisishinde. Kinachogombaniwa hapa ni jina langu tu."

"Jina lako tu," alisema Wakili, akavaa miwani. "Unaweza kuliacha liende. Wengine huliacha, wakapumzika."

"Binti yangu aje arithi tanuri kwa kuwa mama yake ni muuaji? Kila akiwasha moto akumbuke? Hapana, Mama. Twende mahakamani."

Kilichotokea kilikuwa hivi. Bekari yao ilikuwa na tanuri la matofali lililojengwa na babu yao, linalokula kuni bila aibu, na nyuma ya tanuri palikuwa na kijichumba cha kuwekea magunia ya unga, chenye mlango wake wa kuingilia kutoka uani. Kijichumba kile kilikuwa na joto zuri mwaka mzima, na hakuna mtu wa bekari ambaye hakuwahi kuiba usingizi humo. Mikate ikishatolewa, makaa huachwa ndani, kisha bamba la chuma husukumwa kuziba dohani, lile bomba la kutolea moshi, ili joto lisitoroke mpaka kesho. Tatizo ni kwamba makaa yaliyozibiwa hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na ukuta wa nyuma ulikuwa na nyufa za uzee. Babu alilijua hilo, akaweka utaratibu. Kabla ya kusukuma bamba unagonga mlango wa chuma wa tanuri kwa mpini wa ubao wa kutolea mikate, huohuo unaosukumia bamba, na kupaza sauti: "Nafunga." Aliye nyuma hujibu, "Ngoja," akatoka. Usipojibiwa, hakuna mtu, unafunga. Familia hiyo ilifunga dohani namna hiyo tangu enzi za babu, na haikupata kuzika mtu kwa sababu hiyo.

Siku ile Jivu na baba yake walikuwa wamegombana. Jivu alitaka tanuri la umeme. Mzee alisema heri afe kwanza. Na Jivu, ambaye ulimi wake haujawahi kumngoja mwenyewe, alimjibu, "Basi kaa nalo hilo lako mpaka likuue." Alilisema mlangoni, kwa sauti kamili, kinyozi wa nyumba ya pili akiwa na wembe kwenye kidevu cha mteja. Mzee akachukua kofia yake akatokea uani. Wote walijua amekwenda nyumbani kununa, maana kununa kwake kulikuwa na kiti maalumu huko nyumbani. Kumbe siku hiyo hakufika. Alizunguka, akaingia kijichumba, akajilaza juu ya magunia.

Jivu aligonga mlango wa tanuri. Akapaza sauti. Akangoja. Akasukuma bamba.

Ni yeye aliyemkuta, alipokwenda kuchukua unga wa kukanda jioni. Mzee alikuwa amelalia ubavu wa kulia, uso umeelekea ukutani, kofia chini ya shavu. Alionekana kama mtu ambaye hasira imemwisha. Jivu alimtikisa, akamwita Baba, akamwita tena kwa jina ambalo watoto hawamwiti nalo baba yao. Alivyolia siku ile anajua mwenyewe, na kinyozi, na mtaa.

Polisi walikuja, wakapima ukuta, wakasema ajali. Kisha wosia ukasomwa: nyumba kwa Mama aliyebaki mjane, chumba cha duka kwa Meneja, bekari kwa Jivu. Na Meneja, mdogo wake wa pekee, aliyepewa jina hilo utotoni kwa kuwapanga wenzake foleni ya kucheza, na ambaye sasa aliuza bima kwa suti na viatu vya kung'aa, yeye aliyekaa msibani kimya bila kumtazama mtu usoni, akainuka akaenda mahakama ya mirathi kusema dada yangu asirithi, dada yangu ndiye aliyemuua.

"Mahakama hii si ya jinai," Wakili alimweleza Jivu akimsindikiza mlangoni. "Jinai inataka shaka yote iondoke. Hawa wanapima tu upande upi umeelemea. Kinyozi atasema ulimwambia mzazi wako likuue. Kisha atasema alikusikia ukigonga."

"Si vizuri hivyo? Anathibitisha kwamba niligonga."

"Ni vibaya. Kama kinyozi alisikia kutoka nyumba ya pili, na redio yake ikiimba, Mzee aliyekuwa nyuma ya ukuta angekosaje kusikia? Watasema aliitika, ukafunga hivyo hivyo. Nitafutie jibu la hilo, mwanangu. La mengine niachie mimi."

Jivu alirudi kazini bila jibu, lakini hakurudi na hofu. Alijua alichofanya na asichofanya. Mtu mwenye ujuzi huo hutembea vizuri barabarani, hata watu wakiacha kumsalimia. Na wengine walikuwa wameacha. Aliwasalimia yeye kwanza, kwa nguvu, mpaka wakaona aibu wakaitika.

Siku chache kabla ya shauri kusikilizwa, Mama alikuwa ameketi kwenye kaunta akipanga vitambaa, na Jivu alikuwa mbele ya tanuri akitoa mikate. Sasa, mkate hauamuliwi kwa macho. Rangi inadanganya. Unaupindua, unaugonga tako kwa kifundo cha kidole, unasikiliza: ukilia kwa uwazi, umeiva, ukijibu kwa uzito, urudishe. Mzee alikuwa bingwa wa jambo hilo. Alikuwa akigonga mkate mmoja akiwa amefumba macho na kukwambia kuni zilikuwa mbichi. Ila mwaka wake wa mwisho alikuwa ameacha. Akitoa mkate wa kwanza alimpa Jivu mkononi. "Gonga wewe." Wasaidizi wakiwepo, mikate ikiwa mingi, hata wakiwa wamenuniana, "Gonga wewe." Jivu hakumwambia mtu, lakini maneno hayo mawili yalimfurahisha kuliko wosia. Aliyachukua kuwa cheti chake. Maisha yake yote Mzee hakuwahi kumsifu mtu kwa mdomo, na Jivu aliona hiyo ndiyo sifa yenyewe imekuja.

Alipindua mkate, akagonga. Nyuma yake mashine ya kukandia ilikuwa ikinguruma, hakusikia vizuri. Akagonga tena huku akigeuza kichwa, akaleta sikio la pili karibu.

Akabaki hivyo, shingo imepinda, mkate mkononi.

Alikuwa ameiona shingo hiyo mahali. Aliiona kila siku mwaka mzima. Mzee akizungumza na mteja, shingo imepinda. Mzee akisikiliza redio, shingo imepinda, na wao wakimtania kwamba amekuwa kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Mama," alisema, "Baba alihama lini kiti chake pale mezani?"

"Kiti? Mwaka jana. Alisema upepo wa dirisha unamuumiza." Mama alikunja kitambaa kingine. "Upepo gani, wakati dirisha lenyewe halifunguki? Nikamwachia. Akakaa pale pembeni kabisa, sisi wote tukawa mkono wake wa kulia."

"Na ulipokuwa ukimwita kutoka upande wa kushoto?"

"Alijifanya hasikii. Nikasema uzee umemtia kiburi." Mikono ya Mama ilisimama. "Na viatu vile."

"Viatu gani?"

"Alikwenda mjini na mdogo wako kununua viatu. Wakarudi bila viatu. Wakaenda tena, wakarudi bila viatu. Nikamuuliza, we mwanaume, miguu yako ina kasoro gani mpaka mji mzima unakosa kiatu? Meneja akatoka nje. Sikumwelewa."

Jivu aliuweka mkate chini, akakaa juu ya gunia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na lile zima lilikuwa limezama kwenye kofia na unga. Mzee alilalia sikio lake pekee. Angegonga yeye, angegonga mtaa mzima, ingekuwa kimya tu kule. Hilo ndilo jibu alilotakiwa kulitafuta, na lilipaswa kumfanya aruke kwa furaha.

Hakuruka. Kilichomjia kwanza kilikuwa kingine, nacho kilimchoma. Gonga wewe. Kumbe hakuwa akipewa cheti. Kwa sikio moja, mashine ikinguruma, Mzee alikuwa hasikii mikate yake.

Alijikaza, akainuka, akampigia Wakili simu.

"Kanuni ya kwanza ya kazi yangu," alisema Wakili baada ya kusikia yote, "usimuulize shahidi jambo usilolijua jibu lake. Meneja akisema walikwenda kununua viatu, tumekwisha. Daktari gani, siku gani, hatujui."

"Jibu nalijua."

"Na akikana?"

"Mdogo wangu ni fundi wa kunyamaza. Lakini kusema uongo Mama akimwangalia, hajawahi kuweza. Hata alipovunja kioo cha duka alijificha tu mpaka alipoulizwa. Mwombe Mama akae benchi la mbele. Mengine yatajiendea."

"Ungekuwa mteja mwingine ningekata simu," alisema Wakili.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiitazama. Hakimu alikuwa na mafua na leso kubwa. Kinyozi alitoa ushahidi kwa raha ambayo hakujaribu hata kuificha. Alieleza maneno ya "likuue" kwa kuigiza sauti ya Jivu, tena vizuri, mpaka Jivu mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Jivu alipoulizwa kama maneno hayo ni yake, alisimama wima.

"Ni yangu, Mheshimiwa. Nilimwambia hivyo baba yangu, na ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu. Ningeweza kuyala ningeyala. Lakini nilikasirika tu, sikumtakia kufa, na dohani niliifunga kama tulivyofundishwa."

Kisha akapanda Meneja. Suti ilikuwa ileile ya kuuzia bima, viatu vinang'aa, lakini shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola. Alieleza ugomvi, alieleza ukuta, alieleza jinsi mtu yeyote mwenye akili timamu angesikia chuma kikigongwa karibu na kichwa chake. Hakumtazama dada yake. Hakutazama benchi la mbele.

Wakili alisimama, akavua miwani.

"Unampenda baba yako?"

Meneja alishtuka. "Nampenda. Nilimpenda."

"Mlikuwa mkitoka pamoja?"

"Mara moja moja."

"Mlikwenda mjini kununua viatu. Mlivinunua?"

Feni ilizunguka. Macho ya Meneja yalitafuta mahali pa kutua, na kwa bahati mbaya yake yakatua kwa Mama, aliyekuwa ameketi na mkoba mapajani, akimtazama kama alivyomtazama siku ile ya kioo.

"Sema tu, mwanangu," alisema Mama.

Hakimu alipaswa kumkemea. Alipenga kamasi badala yake.

"Hatukununua viatu," alisema Meneja. "Tulikwenda kwa daktari wa masikio."

Wakili alikuwa ameshavaa miwani.

"La kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Daktari alisema halirudi. Baba akaniapisha pale pale kwenye ngazi za hospitali. Alisema mwokaji asiyesikia mkate ni mzee wa kukaa barazani. Alisema nikimwambia Dada, kesho yake litaingia tanuri la umeme lenye kengele, na yeye hatakuwa na kazi tena duniani. Nikaapa." Alikuwa akizungumza taratibu, mikono imeshika ukingo wa kizimba. "Dada angejua, asingegonga tu. Angeingia akaangalia kwa macho. Yuko hivyo."

"Kama ulilijua hilo," alisema Wakili kwa upole, "kwa nini ulileta shauri hili?"

Meneja alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kwa sababu nilitaka iwe hukugonga," alimwambia, kama vile hakukuwa na hakimu wala wakili wala kinyozi. "Kama hukugonga, ni wewe. Kama uligonga, ni mimi."

Wakili wake mwenyewe alikuwa ameshaanza kufunga majalada.

Jivu aliingia chumba kile na hasira ya kutosha kuwashia tanuri wiki nzima. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia ndugu yake siku atakaposhinda, na yalikuwa maneno mazuri, yenye makali. Sasa alimwona mtoto wa mama yake akiwa ameshikilia mbao za kizimba asianguke, na hakukumbuka hata moja.

Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu alisema sheria inamzuia kurithi aliyeua kwa kusudi, na hapo hakuna kusudi. Mwanamke alifuata utaratibu aliofundishwa na marehemu mwenyewe, na marehemu ndiye aliyeficha kasoro ambayo ingeubadilisha. Wosia umesimama. Kisha akaongeza kitu ambacho hakimo katika sheria: kwamba katika familia hii wawili wamekuwa wakijishtaki kwa kifo kimoja, na yeye hamwoni muuaji katika wawili hao. Akapenga kamasi, akainuka.

Watu waliomwacha Jivu bila salamu walirudi kwa mafungu, wakinunua mikate mingi kuliko matumbo yao. Kinyozi alikuja akasema yeye alijua tangu mwanzo. Jivu alimuuzia mkate wa jana.

Lakini mkate wa kwanza wa kila asubuhi ulimpa shida. Aliupindua, akaugonga, akasikia, na badala ya mkate akamsikia Mzee. Siku moja akamwambia Mama, bila kugeuka.

"Nilidhani alikuwa akinipa ufundi. Kumbe sikio lilikuwa limekufa."

Mama alikuwa akihesabu vitambaa. Aliendelea mpaka akamaliza. "Wasaidizi walikuwa humu, na wote wana masikio. Mmoja ana masikio makubwa kuliko haki yake. Alimpa nani kati yao?"

Jivu aliupindua mkate tena.

"Mtu anayeficha aibu haikabidhi kwa yeyote tu," alisema Mama. "Alikuogopa, ndiyo, kwa hilo tanuri lako la umeme. Lakini mkate wake aliuweka mkononi mwako. Yote mawili yalikuwa kweli, wewe unataka moja la nini?"

Jivu alijipangusa uso kwa aproni, akauacha na unga zaidi. Kisha akagonga mkate wa pili, nao ukalia vizuri.

Meneja alikuja mchana mmoja, mikate ya siku imekwisha kutolewa. Alisimama barabarani mbele ya mlango, hana mkoba, hana suti, amevaa shati la nyumbani. Alisimama muda mrefu kuliko mteja. Hakuwa ameingia bekari ile tangu siku ya kumtoa Mzee.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Unazuia hewa mlangoni."

"Sijui niseme nini."

"Sijakuuliza kitu." Jivu alikuwa ameshika mpini wa ubao, makaa yamekusanywa, bamba linangoja. Angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kumkumbatia, wakalia, wakamaliza, lakini alimjua ndugu yake. Kilio angekwenda nacho nyumbani na kesho angerudi kuwa alivyokuwa. "Ingia," alimwambia. "Nataka kufunga. Sasa hivi hatugongi tena. Mtu anaingia kule nyuma, anaangalia."

Meneja alitazama upande wa kijichumba.

"Dada, mimi siwezi."

"Mimi hufanya hivyo kila siku. Leo zamu yako."

Alingoja bila kumsukuma. Mama alikuwa kwenye kaunta, vitambaa vimetulia mapajani. Mwishowe Meneja alipita mbele ya tanuri, akazunguka, akaingia. Wakamsikia akipiga chafya. Wakamsikia akisogeza magunia, moja moja, polepole, na akipiga kila moja kwa kiganja kama mtu anayepapasa kitanda gizani, ingawa ulikuwa mchana na mlango wa uani uko wazi. Alipofika kwenye magunia ya ukutani palikuwa kimya kidogo. Jivu alishikilia mpini, akangoja. Ilikuwa kazi yake kungoja.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa unga kifuani na mashavuni, na machozi yalikuwa yamechora njia katikati yake.

"Hakuna mtu, Dada," alisema. Akarudia, safari hii vizuri. "Nimeangalia kote. Hakuna mtu."

"Umeangalia vizuri?"

"Vizuri."

Jivu alimpa mpini. "Basi funga wewe," alisema.